Nani Hukimbiwa na Bingwa? Hesabu za Ndondi za Kulipwa Afrika Mashariki

Bondia wa kulipwa hana mshahara. Hula pambano kwa pambano, na akishavaa mkanda wa dunia, mkanda huo ndio unaompa bei. Akiupoteza, bei hushuka usiku uleule. Ndiyo maana kabla ya kutia saini meneja wa bingwa hupima mambo mawili: mpinzani ataleta pesa ngapi, na ana uwezo gani wa kushinda. Mpinzani hatari mwenye jina hupata pambano lake kwa kuwa donge linafidia hatari. Dhaifu mwenye mashabiki hulipata upesi zaidi. Anayesota miaka ni yule hodari asiyejulikana, maana hatari anayo ila soko hana. Huyo ndiye mashabiki husema anakimbiwa, na mara nyingi wanasema kweli, ingawa anayemkimbia hasa ni mhasibu wa bingwa kuliko bingwa mwenyewe.

Mambo hayo hayakuanza jana. Katika miaka ya 1940 mabondia weusi wa Marekani kama Charley Burley na Holman Williams hawakupewa nafasi ya ubingwa wa dunia hata mara moja, wakabaki kupigana wao kwa wao. Hapo ubaguzi wa rangi ulikaa juu ya hesabu ya fedha. Marvin Hagler, anayetajwa leo miongoni mwa mabingwa wakubwa wa uzani wa kati, aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1973 na hakupewa pambano la ubingwa hadi Novemba 1979. Alitoka sare na Vito Antuofermo, akaupata mkanda London Septemba 1980 kwa kumshinda Alan Minter.

Vyama vinne vinavyotambulika zaidi, yaani WBA, WBC, IBF na WBO, vina dawa ya tatizo hili kwenye karatasi. Kila kimoja huteua mpinzani wa lazima, ambaye bingwa hutakiwa kumkabili ndani ya muda uliowekwa. Pande mbili zisipoafikiana, pambano hupelekwa mnadani na promota mwenye dau kubwa hulichukua. Tuseme dau limefika dola 400,000 na mgao ni robo tatu kwa bingwa. Mpinzani anabaki na 100,000. Chama kikikata ada ya asilimia 3, meneja akachukua robo na kocha sehemu ya kumi, mkononi zinabaki dola 62,000 kabla ya kodi, gharama za kambi na wenza wa mazoezi. Kwa bondia wa Nairobi au Tanga hizo ni pesa za kubadilisha maisha. Tatizo ni kufika kwenye mnada huo.

Dawa yenyewe ina matundu. Mpinzani anaweza kulipwa pesa za kumpisha mwingine, naye huzipokea kwa sababu nyumbani kuna watoto. Bingwa naye anaweza kuuvua mkanda na kwenda zake. Riddick Bowe aliutupa mkanda wa WBC kwenye pipa la taka Desemba 1992, mpinzani wake wa lazima akiwa Lennox Lewis. Mwaka 2016 Canelo Álvarez aliuachia mkanda wa chama hichohicho wakati Gennady Golovkin akisubiri. Wawili hao walikutana mwaka uliofuata, Golovkin akiwa na miaka 35.

Afrika Mashariki ina mfano mzuri katika mkanda mmoja, ule wa WBA wa uzani wa kati mwepesi. Mganda Ayub Kalule, bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1974, alihamia Denmark chini ya promota Mogens Palle. Oktoba 1979 alikwenda Japani na kumshinda Masashi Kudo, kisha akautetea mkanda mbele ya Wadenmaki waliomchukulia kama mwana wao. Juni 1981 alipambana na Sugar Ray Leonard mjini Houston na kusimamishwa raundi ya 9. Mwaka 1982 alipigwa na Mjamaika Mike McCallum. Ushindi huo ulimpandisha McCallum, na ulimfungulia pia mlango wa kukimbiwa. Roberto Durán, aliyekuwa ameushika mkanda huo, aliuachia mwaka 1984 akaenda kupigana na Thomas Hearns kwa donge kubwa zaidi. McCallum aliokota mkanda uliobaki wazi. Hakuwahi kupewa pambano na Leonard, Hearns wala Durán.

John Mugabi wa Uganda alikuwa hatari kuliko Kalule, lakini hakuachwa. Alikuwa amewaangusha wapinzani wake wote kabla ya kengele ya mwisho, na televisheni ya Marekani ilimpenda kwa hilo. Hagler alikubali kumkabili Las Vegas tarehe 10 Machi 1986, akamsimamisha raundi ya 11 baada ya pambano kali sana. KO zilimpa Mugabi kile ambacho ufundi haukumpa McCallum.

Hata hivyo mabondia wengi wa ukanda huu hawafiki mahali pa kukimbiwa. Wao huitwa. Simu huja wiki mbili tatu kabla, tiketi ni ya bondia na kocha mmoja, na kazi anayotarajiwa kuifanya ni kupoteza. Hassan Mwakinyo wa Tanga alipewa nafasi ya namna hiyo Birmingham, Septemba 2018, dhidi ya Sam Eggington aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Alimmaliza raundi ya pili. Ushindi huo ulimpa jina, lakini pia uliwaonyesha mapromota wa Uingereza kuwa huyu si mtu wa kuitwa ovyo. Nyumbani, kwa miaka kadhaa baadaye, mashabiki walililia pambano lake na Twaha Kiduku wa Morogoro, kila kambi ikidai mwenzake ndiye anayekimbia.

Kenya ilionyesha njia nyingine kwa muda mfupi. Fatuma Zarika aliutwaa mkanda wa WBC ugenini Marekani mwaka 2016. Septemba 2018 alimleta Yamileth Mercado wa Mexico hadi Nairobi na kumshinda. Machi 2019 alimshinda Mzambia Catherine Phiri katika ukumbi wa KICC, usiku uliobebwa na fedha za kampuni ya kamari ya SportPesa. Julai mwaka huo leseni ya kampuni hiyo haikuhuishwa, na udhamini wake wa michezo nchini ukakoma. Novemba Zarika alimfuata Mercado Mexico, akaupoteza mkanda.

Kijana mwenye ngumi nzito huko Kosele, jirani ya Oyugis katika kaunti ya Homa Bay, huanza chini ya hapo. Ili aonekane lazima aende Kisumu au Nairobi, na mwajiri wa uhakika atakayemkuta ni timu za vikosi: polisi, jeshi au magereza. Mshahara wa mwezi unamshikilia kwenye ridhaa, na si haki kumlaumu. Ngumi za kulipwa nazo hazina uhakika: Robert Wangila, Mkenya pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, aliyoipata Seoul mwaka 1988, alikwenda kutafuta riziki Marekani. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, na Julai 1994 alifariki kwa majeraha ya pambano la Las Vegas.

Bondia hodari hukimbiwa pale asipokuwa na ulingo wa nyumbani unaouza tiketi. Homa Bay iliandaa sherehe za Madaraka 2025 katika uwanja mpya wa Raila Odinga. Kaunti na wafanyabiashara wake waandae humo usiku wa ndondi kila mwaka, wawalipe mabondia kwa mkataba, na waingie mnadani siku kijana wao atakapotajwa kuwa mpinzani wa lazima.