Mfumo Unapogoma

Katika ofisi nyingi za miji yetu, mhasibu akisema kwamba mfumo umegoma, kauli yake hupokewa kama hukumu iliyokwisha kukatwa, na kompyuta, isiyoweza kujitetea, hubebeshwa lawama za wote. Lakini mchanganuzi wa mifumo ya biashara, ambaye dhamana yake ni kusimama baina ya watumiaji na waundaji wa programu, huichukua kauli hiyo kuwa ni mashitaka yanayongoja ushahidi, na aghalabu ushahidi wenyewe haumo ndani ya kompyuta.

Tuchukue ankara ya sabuni iliyokwama. Programu kubwa za kuendeshea biashara, kama zile za SAP, kampuni iliyoasisiwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM, huweza kuzuia malipo mpaka hati tatu zipatane: oda ya ununuzi, hati ya kupokea mali, na ankara. Oda yasema katoni 50. Bohari imepokea katoni 50. Muuzaji anadai fedha za vipande 1,200. Mfumo, ulioarifiwa zamani kwamba katoni moja ina vipande 12, wahesabu 600 tu, ukafunga malipo. Mhasibu amtuhumu muuzaji, muuzaji amtuhumu mtunza bohari, na wote watatu ni wakweli. Mchanganuzi ashukapo bohari, akafungua katoni moja na kukuta vipande 24, shauri limekwisha: kiwanda kilibadili ufungaji, wala hapana aliyekumbuka kuurekebishia mfumo habari zake.

Hata hivyo, tiba yake si kufuta 12 na kuandika 24, maana katoni za zamani zingali rafuni, na badiliko hilo moja lingezidisha maradufu hesabu yake, likaonyesha mali isiyokuwapo. Yafaa bidhaa mpya ipewe namba yake yenyewe, na mtunza bohari aelezwe sababu, ili kesho asiichague ile ya zamani kwa mazoea.

Mazoea hayo, yakiwa ya kampuni nzima, yana gharama kubwa zaidi. Kampuni ya maduka ya Lidl, ya huko huko Ujerumani, ilianza mwaka 2011 kujenga mfumo mpya juu ya programu ya SAP, na mwaka 2018 ikauacha, baada ya matumizi yaliyokadiriwa magazetini kuwa yuro milioni 500. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl ilikuwa na ada ya kuthamini mali yake kwa bei ya kununulia, ilhali programu, kwa kawaida yake, ilithamini kwa bei ya kuuzia. Na kila ilipobadilishwa ili iifuate ada hiyo, ilizidi kuwa nzito na ghali.

Kupambanua ada iliyo uti wa mgongo wa biashara na ile iliyorithiwa tu kwa karani aliyestaafu ndiko kuliko kugumu katika kazi hii, na hakuna programu iwezayo kupambanua hivyo. Basi tajiri anayekusudia kununua mfumo angetenda insafu kumwita mchanganuzi kabla ya kutia sahihi mkataba, akampa wasaa wa kuketi na wahasibu na kushinda bohari, kwa kuwa baada ya sahihi, kila swali ambalo halikuulizwa huja na ankara yake.