Mjomba wa Igawa kwenye meza ya Wachina

UKISHUKA basi pale Igawa mchana, huna haja ya kuuliza chakula kiko wapi. Harufu ya wali wa Mbarali inakushika mkono mpaka kwenye benchi la mama ntilie. Wali nyama, maharage, mchicha, pilipili pembeni. Unafuta sahani, unachimba dawa, konda anagonga bodi, safari inaendelea. Mimi nimekulia hapo, na kwangu kula hotelini ndiko huko.

Sasa bwana, mjomba wangu alikuja Dar kupima macho. Mzee wa miaka 70 na ushee. Nikamuuliza, "Mjomba, kabla hujarudi nikupeleke wapi?" Nilidhani atasema Feri, akatazame pantoni. Akasema, "Nipeleke wanakokula Wachina."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Miaka ya 1970, wakati Wachina wanajenga reli ya TAZARA (kazi ilianza 1970 ikaisha 1975), wenzao wengine walikuwa Mbarali, wanasaidia kuanzisha lile shamba kubwa la mpunga lililokuwa chini ya NAFCO. Mjomba alikuwa kibarua wa mifereji. Ikifika saa ya kula, Wachina wanakwenda jikoni kwao, vibarua nao chini ya mti na ugali wao. Kila siku upepo unaleta harufu ya tangawizi na mafuta ya moto. "Miaka hamsini, mjomba, sijajua walikuwa wanapika nini."

Tatizo mshiko. Mfukoni nilikuwa na 50,000, na hizo ndizo za kunifikisha mwisho wa mwezi. Hoteli za Kichina nilizozijua, kwa kuzitazama nje tu, zina taa nyekundu na magari ya wakubwa. Mshikaji wangu mmoja wa Kariakoo akanipa siri: tafuta kihoteli wanakokula Wachina wenyewe, chenye meza za plastiki, na mpishi awe Mkantoni, mtu wa jimbo la Guangdong kule kusini mwa China. Wale ni watu wa wali kama sisi. Hawashindilii viungo, na samaki wanampika kwa mvuke ili abaki na ladha ya samaki. Na jambo zuri kwa sisi choka mbaya: kila mtu haagizi sahani yake. Mnaagiza mboga mbili, zinakaa katikati, kila mmoja na kibakuli chake cha wali.

Tukaenda. Chai ikaja kwanza, haina sukari wala maziwa. Meza ya jirani, kila anayemiminiwa anagonga meza kwa vidole viwili. Kumbe ndiyo ahsante yao! Mjomba akaiga, akaiga tena, mpaka birika likaisha. Vijiti tulivijaribu kidogo, mzee akaomba kijiko bila aibu.

Samaki akaja mzima, na macho yake, juu kuna tangawizi na majani ya vitunguu. Hapo hapo wakammwagia mafuta ya moto, chwaaa! Dada aliyehudumia akaizungusha sahani mpaka kichwa kikamtazama mjomba. Nikadhani amekosea. Mchina wa meza ya pili akaniambia kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Kichwa kwa mzee." Ndiyo heshima ya kwao.

Mjomba hakugusa kijiko. Aliinama juu ya ile sahani, akavuta pumzi, akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

"Ndiyo hii," akasema.

Basi alikula yule samaki, usiombe! Akaacha miiba tu. Wali ndio uliomtia mashaka. "Mboga safi, lakini huu mchele, mjomba, hauna harufu. Waambie waje kununua kwetu."

Bili ilikuwa 36,000. Alipouliza nikadanganya, nikasema 15,000.

"Ghali hiyo," akasema, anatafuta kofia yake. "Igawa tungekula watu watano."