Uziwi Wenye Milango Miwili

Mzee akianza kuuliza kila neno mara mbili, jibu la majirani huwa moja: "Huo ni utu uzima." Pengine hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Uko uziwi wa mchanganyiko. Sauti huzuiwa njiani na ngoma ya sikio iliyotoboka, au na vijifupa vitatu vilivyolika kwa usaha wa miaka. Na wakati huo huo sikio la ndani limedhoofika kwa uzee, kelele za mashine, au dawa kama jentamaisini. Madhara ya ndani kwa kawaida hayarejei. Ya njiani mara nyingi yatibika: sikio likasafishwa na kukaushwa, likatiwa dawa, au ngoma ikazibwa kwa upasuaji. Upungufu unaosalia husaidiwa na shimesikio. Na sikio lisilokauka hufaa kifaa kinachopitisha mtetemo katika mfupa wa kichwa.

Hapa tunawageukia watendaji. Usikivu hupimwa kwa njia ya hewa na kwa njia ya mfupa, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo ionyeshayo mgonjwa anaweza kurejeshewa kiasi gani. Kumgawia mvuvi wa Kojani kifaa bila ya kumpima, hata picha zikipigwa, hakumtoshi.

Nasi wazazi tuache kumimina mafuta ya nazi katika sikio litokalo usaha. Mtoto apelekwe kituoni mapema; ukipindukia wiki mbili, ugonjwa huhesabiwa sugu.