Ukweli wa Saa Umo Ndani
Wengi bado wanaamini kwamba Rolex bandia hujulikana kwa mshale wa sekunde: ukirukaruka ni feki, ukiteleza ni halisi. Kipimo hicho kimepitwa na wakati. Mashine ya Rolex 3135, iliyoanza kutumika mwaka 1988, hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde, na leo zipo saa za kuigiza zinazopiga kasi hiyo hiyo. Tena Rolex yenyewe iliwahi kutengeneza Oysterquartz, saa ya betri ambayo mshale wake huruka kila sekunde, nayo ni halisi kabisa.

Utasema, basi tutazame taji dogo mno lililochorwa kwenye kioo, upande wa alama ya 6. Lakini Rolex halisi za zamani hazina taji hilo, na waigaji nao wanalichora. Hata namba na karatasi za saa huigwa. Kinachowashinda zaidi ni kazi ya ndani: ulaini wa kingo za vyuma, ukali wa maandishi yaliyochongwa, umaliziaji wa skrubu. Kwa hiyo mwache fundi mzoefu afungue mfuniko kabla hujalipa. Muuzaji akikataa, usinunue.