Wachimbaji wa maji: jangwa linatufundisha nini juu ya kiangazi

Kuanza mwezi wa tano mpaka wa tisa, hapa kwetu Katanga mvua inakatika. Lupango inakauka, udongo unakuwa mugumu sawa tofali. Mama akienda ku soko anakuta lengalenga ileile ya mwezi wa pili imepanda bei. Mushahara haupande. Wengi wanaacha bustani na kusema: "Tungoje mvua." Lakini kuko watu wenye kiangazi cha mwaka mzima, na wanakula mboga ya kwao. Tena, bandugu wachimbaji, bustani yao inaanzia mu shimo.

Watu wale ni wa Oman, inchi ya Waarabu inayopakana na ile ya Dubai. Dubai wengi wetu tunaijua juu ya kununua mizigo, na mimi pia nilipitia njia ile. Tulipomaliza kununua, tulibakiwa na siku tatu mbele ya ndege, tukaenda kwa barabara mpaka Nizwa, muji wa zamani wa maimamu wa Oman. Boma lake lilijengwa katikati ya miaka ya 1600, na munara wa duara, munene sana. Tukapanda juu. Upande mumoja tuliona milima ya mawe matupu. Upande wa pili, chini, mitende ya kijani mpaka macho inachoka. Na kule Nizwa mvua ya mwaka mzima haifike milimita 200! Lubumbashi inapata karibu 1,200. Sasa maji inatoka wapi?

Kazi ya chini ya udongo

Inatoka chini ya mulima, kwa njia inayoitwa falaj. Wachimbaji wa zamani walitafuta kwanza maji karibu na mulima, wakachimba kisima kirefu; wenyewe wanakiita mama. Walipofikia maji, walikwenda mbali, pale inchi inashuka, wakaanza kuchimba njia ya chini kuelekea kisima kile. Kila baada ya nafasi fulani walitoboa shimo la kusimama, juu ya hewa na juu ya kutosha udongo. Mutu aliyefanya kazi chini anajua sababu bila kuelezwa.

Njia ile inapashwa kuinama kidogo tu. Ikiinama sana, maji inakula chini na kuta zinaanguka. Ikilala sawasawa, muchanga unajaza. Hakuna pompi, hakuna mazuti. Maji inatembea yenyewe usiku na muchana. Na kazi haiishe: watu wanashuka kila mara kusafisha na kutengeneza pale pameanguka. Mpaka leo Oman iko na falaj karibu 3,000 zinazotumika. Tano kati yao, pamoja na Daris ya Nizwa, UNESCO iliziandika mwaka wa 2006 mu urizi wa dunia.

Kila nyumba na saa yake

Maji ikitoka inje, inapita kwanza mahali pa kuchota ya kunywa. Kiisha mahali pa kuoga na kufua. Mwisho njo bustani. Neno lenyewe, falaj, linatoka mu neno la Kiarabu la kugawanya. Kila mwenye bustani iko na zamu inayohesabiwa kwa saa. Zamani walipima muchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Zamu ikiisha, unafunga mufereji wako, jirani anafungua wake.

Mu bustani moja karibu na muji tulikuta muzee. Alipotusikia tunasemezana, akatujibu kwa Kiswahili. Alizaliwa Zanzibar, akarudia kwa wazazi wake akiwa kijana. Kule watu wa namna yake ni wengi. Alicheka Kiswahili yetu, na sisi tukacheka yake.

"Baba," nikamuuliza, "hamugombane juu ya maji?"

"Tunagombana, mwanangu. Lakini kila mtu anajua saa yake, basi ugomvi haufiki mbali."

Bustani yake ilikuwa na gorofa tatu. Juu mitende, chini yake ndimu na ndizi, chini kabisa mboga. Kivuli cha wakubwa kinalinda wadogo. Na vitalu vya mboga vilikuwa chini kuliko njia ya kupita, na ukingo wa udongo pembeni, sawa sahani.

Mu lupango yetu

Hapa njo kuko kitu cha kukamata. Sisi tunapanda juu ya matuta. Wakati wa mvua ni vizuri, juu maji mingi inaozesha mizizi. Lakini mu kiangazi tuta lilelile linapigwa na jua na upepo pande zote, na maji inateremka pembeni. Basi geuza. Chimba kitalu cha upana wa metre moja, kishuke chini kadiri ya kiganja, weka ukingo. Changanya mbolea ya kuku ao ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Panda lengalenga, matembele ao shu, kiisha funika udongo na majani makavu. Nywesha mangaribi ao asubui mapema, ku mizizi, hapana juu ya majani. Maji ya kuosha muchele na mboga usiitupe. Ile ya sabuni kali usiweke.

Watu wa Nizwa hawana shida moja tuliyo nayo sisi: vumbi la madini. Usinyweshe kwa maji inayotoka ku kiwanda ao ku shimo la madini, hata ikionekana safi. Usilime karibu na malundo ya mabaki. Osha mboga mara mbili, tatu, kwa maji safi. Lakini ujue kwamba ile sumu mizizi imekunywa, kuosha hakuitoshe. Na nguo ya kazi uivue mbele ya kuingia mu bustani ao kubeba mutoto.

Na ku robine, kule kwenye mustari wa mabidoni na matusi ya asubui, majirani wanaweza kukaa pamoja na kuandika zamu: nyumba gani, saa gani. Haiombe franka hata moja.

Shaba tunayotosha inapanda lori na kwenda mbali. Wale waliochimba falaj hakuna anayejua majina yao, lakini shimo lao lingali linalisha watoto wa watoto. Siku yako ya mapumziko inayokuja, mbele udongo haujakuwa mugumu kabisa, chimba kitalu kimoja. Mikono ya kuchimba tuko nayo.