Dogo wa pete puani aliyempumzisha Mzee Brees

Msomaji wangu, leo tuwaache Simba na Yanga wapumue kidogo. Najua utanuna, lakini nivumilie. Nataka tuzungumzie ule mpira wa Wamarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya bandia, ambao ukitokea kwenye luninga ya kijiweni lazima atokee mzee mmoja adai rimoti.

Mie kilichoniteka si kugongana kwao. Ni hesabu. Mwaka 2016 timu ya New Orleans Saints ilikuwa na mrushaji wa mpira aitwaye Drew Brees, fundi wa kutisha. Msimu ule alirusha pasi 673 na kujikusanyia yadi 5,208, nyingi kuliko mtu yeyote katika ligi nzima. Timu yake ikafanya nini? Ikashinda mechi saba na kupoteza tisa. Na si mwaka huo tu, 2014 na 2015 nako ilikuwa saba kwa tisa, kama vile wamelogwa.

Mwaka 2017 Brees akarusha pasi 536 tu. Yadi zikashuka hadi 4,334. Mtu angesema mzee kachoka, maana alishatimiza miaka 38. Weee! Timu ikashinda mechi 11, ikapoteza tano, ikaongoza kundi lake.

Hebu niambie, fundi anapunguziwa kazi, halafu nyumba inajengeka vizuri zaidi. Inakuwaje?

Wajuzi watakuambia safu ya ulinzi iliimarika, na hawasemi uongo. Lakini mie kidole changu namnyooshea kijana mmoja jezi namba 41, mwenye pete puani na meno ya dhahabu anayoyavaa na kuyavua apendavyo. Jina lake Alvin Kamara. Mama yake ni mzaliwa wa Liberia, ila yeye alizaliwa na kukulia Georgia, huko huko Marekani.

Kabla sijaenda mbali, ngoja nikupe darasa la dakika moja. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Ikifaulu inaanza kuhesabu upya, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Mpira ukifikishwa mwisho wa uwanja ndiyo tachidauni, bao lao kubwa la pointi sita. Kwotabeki, yaani yule mrushaji, ana njia mbili: aurushe mbali kwa wadakaji, au amkabidhi mkononi mkimbiaji aliyesimama nyuma yake, naye ajitose katikati ya msitu wa miili.

Sasa mabeki nao wana aina zao. Kuna mapande ya watu, wazito, kazi yao kumzima mkimbiaji. Kuna wembamba wenye kasi, kazi yao kumganda mdakaji asipokee pasi. Kocha wa ulinzi anachungulia nani kaingia uwanjani upande wa pili, naye anapanga watu wake. Wakiingia wakimbiaji, analeta mapande. Wakiingia wadakaji, analeta wepesi. Ni mchezo wa kubahatisha, na timu nyingi mkimbiaji wake ni mkimbiaji tu, kama vile lori la mchanga: ukiliona unajua limebeba nini.

Kamara hakuwa lori la mchanga. Alikuwa anasimama nyuma ya Brees kama mkimbiaji wa kawaida, halafu kabla mchezo haujaanza anatoka taratibu, anakwenda kusimama pembeni kabisa kama mdakaji. Sasa wewe kocha wa ulinzi utafanyaje? Ukimfuatishia pande la mtu, ataachwa hapo anakanyaga kivuli. Ukimfuatishia mwepesi, umepunguza uzito katikati, na pale katikati kuna Mark Ingram, mkimbiaji mwingine wa Saints, mwenye mapaja kama magogo, anasubiri kupita juu ya maiti zenu. Ukiweka watu wawili kwa Kamara, kuna mdakaji mahali fulani anacheka peke yake.

Kuna kitu kimoja alikuwa akikifanya ambacho hata kama huujui mchezo utakifurahia. Anakimbia yadi tano hivi, anafika mbele ya beki, anasita. Hapo hajaambiwa aende wapi. Anaiangalia miguu ya beki, uzito umeelemea upande gani, kisha anakata upande wa pili. Brees naye anasoma miguu ile ile kutoka nyuma, anaachia mpira. Pasi fupi, ya karibu, isiyo na presha. Ndiyo maana namba za Brees zilipungua huku asilimia ya pasi zilizodakwa ikipanda hadi 72, rekodi ya ligi kwa wakati ule. Mzee hakulazimika tena kuibeba timu kwa bega moja kila wiki.

Cha ajabu ni kwamba dogo huyu hakuna aliyemgombania sana. Alianzia Chuo Kikuu cha Alabama, mambo hayakukaa sawa, akateremka hadi chuo kidogo cha Hutchinson kule Kansas, kisha ndiyo akaenda Tennessee, ambako alikuwa anagawana mpira na wenzake. Siku ya kuchagua chipukizi, Aprili 2017, yalitajwa majina 66 kabla ya lake, wakiwemo wakimbiaji wanne. Saints walimtaka kiasi kwamba walitoa nafasi yao ya raundi ya pili ya mwaka uliofuata ili wampate. Hiyo ni sawa na kukopa mshahara wa mwezi ujao.

Na hapa ndipo penye utamu na uchungu wake, maana Saints mwaka huo huo walikuwa wamemchukua Adrian Peterson. Huyu si mtu wa kutaniwa. Mwaka 2012 alikimbia yadi 2,097 na kutajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Alifika New Orleans akiwa na miaka 32, mfalme wa enzi zake, akakuta Ingram yupo na mtoto wa pete puani naye yupo. Mechi ya kwanza walicheza Minnesota, nyumbani kwa timu yake ya zamani, na kamera zikamnasa akimkazia kocha Sean Payton macho ambayo mie nisingependa kuangaliwa nayo. Baadaye wote wawili walikana kwamba waligombana. Haya, sisi yetu macho.

Peterson alicheza mechi nne, akapewa mpira mara 27, akapata yadi 81. Tarehe 10 Oktoba 2017 akauzwa Arizona. Peterson alikuwa lori, tena lori zuri sana, lakini kila akiingia uwanjani ulinzi ulijua kinachokuja.

Ingram ndiye aliyenishangaza. Huyu alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka 2011, ana tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alikuwa na kila sababu ya kununa. Badala yake akawa kaka wa dogo. Walikuwa wanahojiwa pamoja, wanataniana mbele ya waandishi kama mtu na binamu yake. Ingram akapewa mpira mara 230 na kukimbia yadi 1,124. Kamara akapewa mara 120 tu, akakimbia yadi 728, wastani wa yadi 6.1 kila alipoushika, wakati wastani wa nne tu ni heshima. Juu yake akadaka pasi 81 zenye yadi 826. Ukijumlisha mbio na pasi, Kamara 1,554, Ingram 1,540. Hakuna wakimbiaji wawili wa timu moja waliowahi kuvuka 1,500 pamoja kabla yao.

Msimu wenyewe ulianza kwa vipigo viwili, kisha wakashinda nane mfululizo. Wa nane ndio ule wa Novemba 19 dhidi ya Washington. Zimebaki dakika chini ya sita, wako nyuma 31-16, mashabiki wengine wameshaanza kuondoka. Wakarudi hadi 31-23, kisha Kamara akadaka pasi ya yadi 18 hadi ndani, halafu akaingia tena na mpira kuongeza zile pointi mbili za nyongeza. Ikawa 31-31, wakashinda muda wa ziada. Desemba kule Atlanta aligongwa kichwa mapema akatolewa, timu ikafungwa 20-17. Sisemi zaidi.

Alitwaa tuzo ya chipukizi bora wa ushambuliaji. Lakini kombe hawakulipata. Januari 14, 2018, tena Minnesota, walikuwa nyuma 17-0 hadi mapumziko. Zikiwa zimebaki dakika tatu, Kamara akadaka pasi ya yadi 14 na Saints wakaongoza 21-20. Zilipobaki sekunde 10 walikuwa bado mbele, 24-23. Mpira wa mwisho ukamfikia Stefon Diggs, beki chipukizi wa Saints, Marcus Williams, akajirusha akamkosa, Diggs akakimbia hadi mwisho. 29-24. Brees alikuwa amesimama tu pembeni, hana la kufanya. Hakuwahi kurudi kwenye fainali hadi alipostaafu mwaka 2021.

Kamara yeye alidaka pasi 81 mwaka wa kwanza, 81 wa pili, na 81 wa tatu, nami sina maelezo ya jambo hilo. Septemba 2020 akasaini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 75. Siku ya Krismasi mwaka huo huo wakaja Minnesota, wale wale, safari hii New Orleans. Dogo akaingia na kiatu kimoja chekundu na kingine kijani, akafunga tachidauni sita kwa mbio, akaifikia rekodi iliyowekwa mwaka 1929. Saints wakashinda 52-33. Ligi ikamtoza faini ya dola 5,000 kwa ajili ya vile viatu.