Aktuari: Shahada si Hadhi ya Kitaaluma

Neno aktuari (wingi: maaktuari) humtaja mtaalamu anayetumia hisabati, takwimu na elimu ya fedha kukadiria gharama ya mambo yasiyo na hakika: vifo, maradhi, ajali, au miaka ambayo mstaafu ataendelea kulipwa pensheni. Asili yake ni Kilatini, actuarius, yaani karani wa kumbukumbu. Lilianza kuhusishwa na bima ya maisha mjini London mwaka 1762, kampuni ya Equitable ilipompa ofisa wake mkuu cheo hicho.

Nchini Tanzania hutumika pia mtakwimu bima. Istilahi hii hueleweka upesi, ila huibana maana, kwa kuwa tathmini ya uhai wa mfuko wa pensheni nayo ni kazi ya aktuari.

Utata mkubwa zaidi hutokea katika kutaja sifa za mtaalamu huyu. Linganisha:

(a) Amehitimu shahada ya sayansi ya uaktuari.
(b) Amepata hadhi ya kitaaluma ya aktuari.

Sentensi (a) inahusu chuo kikuu. (B) inahusu chama cha kitaaluma. Society of Actuaries ya Marekani, kwa mfano, hutoa hadhi mbili kuu. Anayetafuta ya kwanza, ASA, hufaulu mitihani kadhaa, ukiwamo wa nadharia ya uwezekano na wa hisabati ya fedha, kisha hukamilisha mafunzo mengine, yakiwamo ya maadili ya kazi. Ya pili, FSA, ni ya juu zaidi na hudai ubobezi katika eneo maalumu. Watahiniwa wengi hufanya mitihani hiyo huku wakiwa kazini, na safari nzima huchukua miaka. Uingereza nako, Institute and Faculty of Actuaries hutoa AIA na FIA. Shahada huweza kumpunguzia mtahiniwa baadhi ya mitihani, lakini peke yake haimfanyi aktuari kamili.

Tofauti hii ina uzito. Kanuni inayotaka tathmini ya mfuko itiwe saini na aktuari aliyethibitishwa, ikitafsiriwa “mwenye shahada ya uaktuari”, humruhusu mhitimu wa jana kutia saini hesabu inayobeba pensheni za maelfu ya watu.

Kwa hiyo, shahada itumike kwa tuzo ya chuo tu, na hadhi ya kitaaluma kwa ile ya chama. Herufi ASA, FSA, AIA na FIA ziachwe kama zilivyo na zifafanuliwe zinapotajwa mara ya kwanza: “Ana FSA, hadhi ya juu ya kitaaluma ya maaktuari itolewayo na Society of Actuaries.” Kuiita FSA “uanachama” tu hakutoshi, maana uanachama huweza kupatikana kwa kulipa ada, hadhi hii hupatikana kwa kufaulu.